Hesabu za Umma Hufungwa Kila Jioni

Hotuba kwa wakuu wa shule, waganga wafawidhi, watendaji wa kata na wakuu wa idara wa halmashauri

Ndugu Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, wakuu wa idara na vitengo, waganga wafawidhi, walimu wakuu na wakuu wa shule, watendaji wa kata na vijiji, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie usimamizi wa fedha katika taasisi za umma. Mada hii imezungumzwa mpaka mkimwona mhasibu mstaafu anapanda mbele mnajua tayari atakachosema: tufuate sheria, kanuni na taratibu, tuwe waadilifu, na mali bila daftari hupotea bila habari. Naona wenzangu kule nyuma mmeshatoa simu. Siwalaumu. Nipeni nusu saa tu, nami nitasema jambo moja: ule muda unaopita kati ya fedha kutumika na fedha kuandikwa. Nimekaa ofisi ya mweka hazina, nikahamia ukaguzi wa ndani, na fedha nyingi nilizoona zikipotea zilipotelea humo katikati. Wizi wa kuvunja kabati ni nadra sana kwenye halmashauri zetu.

Lakini kwanza tuiweke hati safi ya ukaguzi mahali pake. Kila mwaka, mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, anamkabidhi Rais ripoti zake, kisha zinatua Bungeni. Wiki hiyo kila mkurugenzi anatafuta kitu kimoja: hati gani? Akikuta inayoridhisha, watu wanapongezana, na mahali pengine mbuzi anachinjwa. Mimi mwenyewe nyama hiyo nimekula, siikatai. Ila tuelewane inachosema. Hati hiyo inasema kwamba taarifa za fedha mlizoandaa zinaonyesha kwa usahihi, katika mambo ya msingi, hali ya fedha ya halmashauri. Basi. Haisemi kwamba hakuna aliyeiba. Haisemi kwamba dawa zilifika zahanati. Unaweza ukanunua madawati mabovu kwa bei mara mbili, ukayaandika vizuri kwenye daftari la mali, ukaambatanisha risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na hati yako ikabaki safi. Ndiyo maana katika ripoti zile zile utakuta halmashauri yenye hati nzuri inafuatwa na kurasa nzima za hoja za ukaguzi. Mwananchi akisikia "hati safi" anadhani mmepewa cheti cha uadilifu, na sisi hatujihangaishi kumsahihisha.

Turudi kwenye muda. Zamani kazi ya kuandika ilikuwa ya watu wachache wenye taaluma, wamekaa jengo moja. Leo sivyo. Tangu Januari 2016 ruzuku ya elimu inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango mnakijua, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, sehemu yake ikishikiliwa kwa ajili ya vitabu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya nazo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Huu ulikuwa uamuzi mzuri. Kabla yake fedha ilikaa makao makuu ya halmashauri, na mganga wa zahanati ya mbali alikuwa anakuja kuomba sabuni kama anaomba msaada. Lakini tulipopeleka fedha chini, tulipeleka na uhasibu chini, kwa mtu ambaye hakuusomea. Tabibu aliyefundishwa kutibu malaria ya mtoto leo anaulizwa kasma, yaani kifungu cha bajeti. Mwalimu wa Kiswahili anaulizwa kwa nini usuluhishi wa benki wa Februari, yaani kulinganisha daftari na taarifa ya benki, haujafanyika. Ana vipindi, ana wazazi mlangoni, na mfumo wa kompyuta wa kuandikia fedha unamsubiri usiku mtandao ukirudi.

Kwa hiyo anafanya ambalo kila mtu aliyezidiwa angefanya. Anaweka karatasi kwenye droo.

Hiyo droo ndiyo niliyokuja kuizungumzia. Niwape mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Halmashauri siitaji, na wahusika wengine bado wako kazini. Afisa mmoja wa afya alichukua masurufu, yaani fedha za kazi ambazo mtu huzitolea hesabu akirudi, kwenda kusimamia kampeni ya chanjo vijijini. Fedha zilikuwa za posho za wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Alikwenda, chanjo ikatolewa, watu wakalipwa mkononi, wakasaini. Akarudi. Masurufu yanatakiwa yarejeshwe ndani ya siku 14 baada ya shughuli kumalizika, na Memoranda ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 iko wazi kwa hilo. Lakini siku aliyorudi kulikuwa na ugeni wa mkoa, kesho yake akapelekwa semina, na orodha ya malipo ikabaki kwenye begi la pikipiki. Zikaja mvua.

Miezi ikapita. Wakaguzi walipobisha hodi, orodha ikaletwa mezani kwangu, na ilikuwa nadhifu mno. Wino wa bluu mmoja toka juu mpaka chini. Saini za watu tofauti, lakini wote wanaivuta herufi ya mwisho upande mmoja, kama waliofundishwa na mwalimu mmoja darasa moja. Jina mojawapo lilikuwa la mama ambaye kijiji kizima kilijua kwamba siku ile alikuwa amelazwa hospitali ya wilaya, na mahali pake alikuja mwingine. Orodha ya kweli ingekuwa na jina la huyo mwingine. Hii ilikuwa imeandikwa upya, ofisini, kwa kumbukumbu, kutoka orodha ya waliopangwa.

Tulifika vijijini kuuliza. Kila mtu alikuwa amelipwa. Kila shilingi! Yule afisa hakula hata senti. Lakini sasa alikuwa ameghushi nyaraka ya serikali, na kwa kughushi huko alikuwa na kesi kubwa kuliko ambavyo angekuwa nayo kwa kusema tu, "Orodha imeloa, naomba nirudi kwa hawa watu wasaini tena mbele ya mtendaji wa kijiji." Neno hilo angelisema wiki ya kwanza, lingechukua siku moja na lita chache za petroli. Alipongoja, likawa haliwezekani kusemwa. Mchelewaji mwaminifu na mwizi wanafika mbele ya mkaguzi wakiwa na karatasi za aina moja, na mkaguzi hana kipimo cha kupima roho.

Nakaa sana kwenye hilo kwa sababu hoja za namna hiyo ndizo nyingi. Mkisoma ripoti za ukaguzi mtakutana na maneno "malipo yasiyo na viambatanisho" au "masurufu yasiyorejeshwa" mpaka macho yazoee. Humo ndani wezi wamo, tena wa kutosha. Na wanapenda sana mahali ambapo wachelewaji ni wengi, maana pana vumbi la kujifichia. Ofisi ambayo kila mtu anarejesha masurufu ndani ya wiki mbili, asiyerejesha anaonekana kutoka barabarani.

Upande wa mapato ni hivyo hivyo, isipokuwa huko ugonjwa una jina: fedha mbichi. Mtendaji wa kata amekusanya ushuru wa mazao kwenye geti, POS, mashine ya kukusanyia mapato, imetoa risiti, fedha iko mfukoni. Benki iko kilomita nyingi. Diwani anapiga simu, kuna msiba wa balozi wa nyumba kumi, gari la kata halina mafuta. Anatoa humo humo, "nitarudisha". Hajaiba, kwa maelezo yake. Ametumia fedha ya umma kabla haijafika benki, na hakuna bajeti iliyompa ruhusa. Kesho deni la mashine yake linaonekana kwenye mfumo, keshokutwa limekua, na mwisho wa mwezi mtu anaanza kusema POS iliharibika. Mfumo wa malipo ya serikali wa GePG, unaompa mlipaji kontroo namba ya kulipia, umepunguza sana jambo hili pale ambapo mlipaji mwenyewe analipa benki au kwa simu. Ushauri wangu kwa Mkurugenzi ni mfupi: kila chanzo ambacho mlipaji anaweza kulipa kwa kontroo namba bila fedha kupita mkononi mwa mtumishi, kihamishiwe huko, hata kama ni kidogo. Kwenye geti la mazao ambako haiwezekani, fedha ipelekwe kwa wakala wa benki kijijini siku hiyo hiyo, na anayesimamia mapato aangalie deni la kila mashine kila asubuhi kabla ya chai. Akisubiri kikao cha robo mwaka atakuta historia.

Niliahidi jambo moja, lakini kuna tawi lake ambalo wakuu wa idara hawalipendi. Hili ni la kwenu zaidi kuliko la mtendaji wa kata. Idara inampigia simu mzabuni: "Tuletee matairi, LPO itafuata." Matairi yanakuja. LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza mali, inafuata baada ya miezi mitatu, au haifuati, kwa sababu kasma ilikuwa imeisha na hakuna aliyeangalia. Viwango vya uhasibu ambavyo nchi yetu ilianza kuvitumia mwaka wa fedha 2012/13 vinataka deni liandikwe siku mali inapopokelewa, malipo yafanyike lini shauri yenu. Ninyi mnaliandika siku mnapotaka kulipa. Kati ya siku hizo mbili halmashauri ina deni ambalo haijui kwamba inalo. Baraza la madiwani linapitisha bajeti kwa picha ya uongo, na hakuna aliyesema uongo.

Mzabuni naye si mjinga. Akizoea kulipwa baada ya mwaka, anauweka mwaka huo ndani ya bei. Ndiyo maana tairi lile lile dukani mjini lina bei moja, na kwenu lina bei nyingine. Tunapenda kusema wazabuni wanatuibia. Wengine wanaiba. Wengine wanatutoza riba tu, kwa jina la tairi.

Tangu mwaka 2023 ununuzi umehamia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na sheria mpya ya ununuzi wa umma imepitishwa mwaka huo huo. Mfumo huu unabana, nakubali. Lakini hakuna mfumo unaoweza kuiona simu aliyopiga mkuu wa idara jioni. Kwenye uhasibu tumetoka mfumo wa Epicor tumeingia MUSE, kwenye ununuzi tumetoka TANePS tumeingia NeST, na kila tulipohama tuliapa kwamba sasa mianya imezibwa. Kwenye ofisi moja nilipokuwa nafanya ukaguzi, neno la siri la mwenye dhamana ya kuidhinisha malipo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, limebandikwa chini ya kibodi ya mhasibu, "ili kazi zisilale bosi akisafiri". Enzi zetu bosi alikuwa anasaini hundi tupu kabla ya safari. Watu walifukuzwa kazi kwa hundi tupu. Kwa neno la siri, mpaka leo wengi mnaona ni kurahisisha kazi. Mfumo unataka mmoja aandae, mwingine akague, mwingine aidhinishe. Kama wote watatu ni kijana mmoja anayejua nywila tatu, mmerudi kwenye hundi tupu, na safari hii hamna hata mwandiko wa kuutambua.

Sasa niseme lililofanya kazi, msije mkasema mzee amekuja kutusuta.

Mnakumbuka mwisho wa mwaka 2021. Nchi ilipata mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu yake ikajenga vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, yaani matawi ya shule mama. Kila chumba, shilingi milioni 20. Muda, mpaka wanafunzi wa Januari waingie. Mimi niliogopa. Fedha nyingi, muda mfupi, mafundi wa mtaani, kamati za wananchi. Nilidhani hoja za ukaguzi zitajaa magunia. Hoja zilikuwepo, na bado zipo, mahali pengine zilistahili. Lakini madarasa yalisimama. Nimejiuliza kwa nini, na jibu langu ni kwamba bei ilijulikana na kila mtu. Mama anayeuza maandazi nje ya shule alijua milioni 20. Diwani alijua, fundi alijua, mwanafunzi wa darasa la saba alijua. Chumba kikikwama kwenye lenta, kijiji kizima kiliuliza milioni 20 imekwenda wapi. Lini umesikia kijiji kinauliza fedha za matengenezo ya pampu zimekwenda wapi? Hakiwezi. Hakijui kama zilikuja.

Jirani zetu wa Uganda waliligundua jambo hilo mapema. Miaka ya 1990 ulifanyika uchunguzi wa kufuatilia ruzuku za shule za msingi, ukaonyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotoka serikali kuu. Nyingine ziliishia njiani, wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha iliyotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wataalamu wamebishana baadaye ni kiasi gani kilitokana na matangazo na kiasi gani kilitokana na mageuzi mengine ya wakati ule, na ubishi huo ni wa haki. Hata ukilipa gazeti nusu tu ya sifa hiyo, bado ni karatasi ya bei rahisi sana.

Sisi mbao za matangazo tunazo. Tena mwongozo unatutaka tuzitumie. Mkipita kwenye vituo mtakuta ubao una tangazo la mkutano wa miaka miwili iliyopita, na taarifa ya mapato na matumizi iliyochapwa kwa herufi ndogo, vifungu vya bajeti vimeandikwa kwa namba. Imebandikwa kwa ajili ya mkaguzi aione ipo. Mtu wa kijijini afanye nini na kifungu cha tarakimu nane? Andikeni kwa kalamu nene: "Mwezi huu tumepokea kiasi hiki. Tumenunua dawa kwa kiasi hiki, tumemlipa mlinzi, tumenunua gesi ya jokofu la chanjo. Kimebaki hiki." Mistari minne. Mganga mfawidhi anaweza kuiandika mwenyewe mwisho wa mwezi, na faida kubwa ataipata yeye: huwezi kuandika mistari hiyo minne kama karatasi ziko kwenye droo.

Kwa upande wa ujenzi wa fosi akaunti, yaani ule mnaousimamia wenyewe kwa mafundi wa mtaani, ombi langu liko kwenye stoo. Kamati tatu mnazo, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na mihtasari imejaa mafaili. Lakini saruji inatoka asubuhi na leja ya stoo inajazwa Ijumaa. Mwalimu mtunza stoo anakaa na fundi wanakumbuka pamoja: Jumanne ilikuwa mifuko mingapi? Fundi anasema kumi na nne, mwalimu anadhani kumi na mbili, wanaandika kumi na nne, yaishe. Hapo sidhani kama kuna wizi siku ya kwanza. Siku ya pili fundi ameshajua kwamba Jumanne haina mwenyewe. Leja ining'inizwe mlangoni kwa kamba, kalamu ifungwe pale pale, na mfuko usivuke kizingiti kabla ya saini. Mafundi watalalamika siku mbili tatu, halafu watazoea.

Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu siigusi leo. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na inahitaji siku yake.

Ndugu Mkurugenzi, la mwisho ni lako, na nalisema mbele ya madiwani kwa makusudi. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri hii, kama wenzake wengi, akitaka kwenda kukagua mradi anaomba gari kwa idara anayokwenda kuikagua. Akinyimwa, anakagua mafaili. Akipewa, dereva ameshapiga simu kabla hajafika. Serikali ilianzisha ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Ndani mwaka 2010 ili kazi hii ipate nguvu, lakini nguvu haifiki wilayani bila mafuta. Mtengee kasma yake, mpe pikipiki asiyoiomba kwa mtu, na akileta taarifa uisome wiki hiyo hiyo. Hoja aliyoiona yeye Oktoba ni rahisi kuijibu kuliko hiyo hiyo ikiulizwa na CAG mwaka unaofuata, au na LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, pale Dodoma, wakati waliohusika wameshahamishwa.

Tumebakiza wiki chache kufika Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha. Najua fedha nyingine zitaingia siku za mwisho, na najua vishawishi: kujaza mafuta ya miezi sita kwa mkupuo, kulipa kazi ambayo haijaisha ili fedha isirudi Hazina. Fundi aliyelipwa kabla ya kumaliza mnamjua tabia yake. Ombeni kibali cha kubaki na bakaa, andikeni sababu za kweli, na muanze barua hiyo sasa badala ya Juni 29 jioni.

Baada ya chai tunaingia kwenye mazoezi. Mliambiwa mje na mafaili ya robo ya tatu. Aliyelisahau akae na jirani yake. Tutaanza na masurufu yote yaliyo wazi, jina moja moja, na mhasibu wa idara ya afya amekubali tuanze na ya kwake. Asanteni kwa kunisikiliza.